Wamecheza Tu

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili. Nilikuwa nimetoka kubandika karatasi ya zamu mlangoni, kwa selotepu ya kuomba dukani, na watoto walikuwa wameanza kufika. Akaja dada mmoja wa kazi, binti wa miaka 19, amembeba mtoto wa bosi wake ubavuni. Akamshusha mkekani, akavua ndala, akaja kusimama mbele ya ile karatasi. Akaweka kidole juu ya jina la kwanza. Akashuka nacho taratibu mpaka la mwisho, kisha akarudia tena tangu juu.

"Dada, mie niko wapi hapa?"

Nilikuwa na pini mdomoni, nabana pindo la gauni la mteja. Sikufikiri. Nilitoa pini moja nikamjibu: "Wewe? Wewe unamleta mtoto tu."

Akasema, "Haya." Akaenda kukaa.

Hilo neno langu la mwisho limenikaa kooni tangu siku ile mpaka leo.

Chini ya mkungu

Kwa msiotujua, sisi ni watu wa Mwanzange, hapa Tanga, na kila Jumanne na Alhamisi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, tunatandika mikeka miwili chini ya mti wa mkungu ulio uwani kwangu. Watoto huwa 8, siku nyingine 10 wakija na wageni, wa mwaka mmoja na nusu mpaka miaka 4. Hatuna bango, hatuna sare, hatutozi ada. Jina watoto wamelitoa wenyewe: mkekani. "Twende mkekani."

Sheria ni moja. Hakuna mtoto anayeachwa. Aliyemleta anakaa naye na anaondoka naye. Vituo vya kulelea watoto mchana vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hatukutaka kujifanya kituo wakati sisi ni majirani tuliokaa na watoto wetu. Mwenyekiti wa mtaa anatujua. Alipokuja kututazama alikwenda moja kwa moja kisimani kuangalia kama kina kifuniko, nami nikampenda kwa hilo.

Vitu vya kuchezea ni vifuu vya nazi vilivyosuguliwa visikwaruze, chupa za maji zilizokatwa kuwa mirija na vikombe, beseni la mchanga wa bahari, na midoli niliyoshona kwa vipande vinavyobaki chini ya cherehani. Vizibo vya soda tulivitoa siku ya pili, kwa ajili ya wale wadogo ambao kila kitu lazima kipite mdomoni kwanza. Karanga pia haziingii mkekani.

Mwenye zamu anafika robo saa kabla ya wenzake. Anafagia majani ya mkungu, anateka maji ya kunawa, na yeye ndiye anayeanzisha mchezo wa kwanza. Niliandika majina 8: kina mama 7 na babu mmoja anayemleta mjukuu wake kwa baiskeli kutoka Makorora. Katika wale mama 7, wanaokuja wenyewe ni 3. Wengine 4 wako kazini: mmoja bandarini, mmoja muuguzi, mmoja mwalimu, mmoja ana meza ya samaki pale Deep Sea. Watoto wao huletwa na kina dada.

Kwa hiyo niliandika majina ya watu wanne wasiokuja, nikawaacha wanne wanaokuja.

Na babu nilimwandika. Jina lake kamili, na "Mzee" mbele yake.

Swali la jioni

Jioni kila nyumba huuliza swali moja. "Leo mmefanya nini huko?"

Na kina dada wote wanne, kila mmoja kwa bosi wake, wamekuwa wakijibu vilevile: "Wamecheza tu."

Jibu hilo lilitugharimu mtoto mmoja mwezi wa kwanza. Mama yake alinifuata mpaka kwenye cherehani. "Shoga, miezi minne mwanangu hajui hata a. Huko anafanya nini?" Nilimweleza niliyoweza. Akamhamishia kwenye chekechea moja ambako watoto wa miaka 3 wanakalia madawati na kushika penseli, na wiki iliyofuata alinionyesha daftari. Mstari mzima wa a, zilizopinda kama ndoana. Nilimpongeza mtoto.

Sitaki kusema uongo, daftari lile lilininyima usingizi. Nililala nikijiuliza kama nimewashawishi majirani wapoteze muda wa watoto wao kwa jambo ninalolipenda mwenyewe. Mwanangu ana miaka 3 na nusu. Anajua kumimina maji kutoka chupa hadi kifuu bila kumwaga. Hajui a.

Kilichonituliza, nusunusu, ni vitu viwili. Cha kwanza, kifundo cha mkono wa mtu kina mifupa midogo 8, na kwa mtoto wa miaka 3 mingi kati yake bado ni gegedu, haijawa mfupa. Mkono ule unataka kukamua, kubana, kuchota, kupanda na kuning'inia kabla ya kutakiwa kukaa ndani ya mstari. Cha pili, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kuushughulisha mwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku. Saa 3 nzima! Madarasa ya awali katika shule zetu za msingi yatawapokea wakifika miaka 5 hivi, na a itawakuta huko.

Ila hata nilipotulia kuhusu a, lile jibu la jioni liliendelea kunikera. Nilikuwa nawalaumu kina dada kwa kusema wamecheza tu. Mpaka siku ya karatasi, niliposikia neno lilelile likitoka kinywani mwangu.

Vifuu viwili

Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshaona jambo kwa huyu binti, nikalipita.

Watoto wawili wa miaka 2 waligombea kifuu. Mmoja alikuwa anachota mchanga, mwenzake akakishika, wakavutana, vilio vikaanza. Sisi kina mama tulifanya tunachofanya sote: "Mpe mwenzio! Acha uchoyo!" Tukawatisha wote wawili, wakalia zaidi.

Binti alinyanyuka. Hakusema neno. Alipekua kapuni mpaka akapata kifuu kingine, akakipima na kile cha kwanza kwa macho, akakirudisha, akatafuta kingine kinachofanana nacho zaidi. Akakiweka kwenye mchanga mbele ya yule wa pili. Kisha akakaa pembeni yao, akaanza kujichotea mchanga kwa kiganja chake.

Vilio viliisha. Wale watoto walikaa mabega yakikaribia kugusana, kila mmoja na kifuu chake, hawatazamani. Mmoja akajaza, akageuza, akapiga kitako cha kifuu kwa kofi, keki ya mchanga ikatoka. Mwenzake hakugeuza shingo. Lakini aliposhiba kuchota, naye akageuza kifuu chake, akakipiga kofi.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mtafiti mmoja wa Marekani, Mildred Parten, aliwatazama watoto wadogo wakicheza huko Minnesota, na mwaka 1932 akachapisha alichokiona: mtoto huanza kwa kucheza peke yake na kutazama wengine, kisha hucheza sambamba na mwenzake, kila mmoja na lake, na kushirikiana kwenyewe huja baadaye. Wale wawili hawakuwa wachoyo. Walikuwa na miaka 2.

Nilisoma hayo kwenye simu nikimngoja mteja. Binti hakuyasoma popote. Nilipomuuliza alijuaje, alinieleza: "Kwetu Lushoto nimelea wadogo zangu wanne. Wa umri huo ukimwambia ampe mwenzie, haelewi unasema nini. Anachoelewa ni kwamba chake kinaondoka."

Abee

Mtoto anayelelewa na binti huyu anamwita "Daa." Anaita bila kuchoka. Ameona kunguru, "Daa!" Mchanga umeingia kidoleni, "Daa!" Hajaona chochote, anataka kujua kama yupo, "Daa!"

Naye anaitika, "Abee!" Kila mara. Asubuhi moja nilihesabu wakati napinda gauni. Pindo moja halijaisha, nilishafika 23.

Asubuhi hiyohiyo mwanangu aliniita mara tatu, nami nikamjibu "mm" huku macho yangu yakiwa kwenye kitambaa.

Mnayakumbuka yale mambo matano yanayotajwa kwenye programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile iliyozinduliwa Desemba 2021? Afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nililisikia hilo la tatu kliniki, nikaliona Kiswahili cha ofisini, nikalipita. Kumbe ni jambo tunalolijua tangu tukiwa wadogo. Umeitwa, itika. Sisi watoto wa kike tulifundishwa kusema abee kabla hatujafundishwa kuandika, na tulifokewa tusipoitika. Hakuna aliyetuambia kwamba mtoto naye akiita anastahili abee.

"Mkono mmoja haulei mwana," husema wazee wetu. Nimeusema msemo huo mara ngapi pale mkekani! Na ule mkono wa pili, unaoosha, unaobeba, unaoitika, sikuuandika jina.

Walioanza kabla yetu

Kukaa kwa zamu na watoto wa majirani kuna historia yake. Mwaka 1961 huko London, mama mmoja, Belle Tutaev, aliyekosa nafasi ya chekechea kwa binti yake, alianzisha kikundi na jirani zake, kisha akaandika barua kwenye gazeti la Guardian kuwaeleza wengine. Barua ile ilizaa chama cha vikundi vya namna hiyo nchini kwao. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi, nikanakili mtindo wao: orodha ya kina mama, zamu, mlango.

Sikujiuliza kina mama wale walikuwa wapi saa 3 asubuhi. Wengi wao walikuwa nyumbani na watoto. Wa kwetu wako bandarini, wodini, darasani, Deep Sea. Nilichukua karatasi ya London nikaibandika Mwanzange bila kutazama nani amekaa mkekani.

Mfano wa kunifaa ulikuwa karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Miaka ya 1980, mjini Mombasa, mwalimu Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walioanzisha chekechea ndani ya madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Kazi hiyo baadaye ikafika Zanzibar na Uganda. Ninachokipenda katika habari ile ni kwamba walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, waliofundwa kazi, na vifaa vilikuwa vile vinavyopatikana papo hapo. Hawakuanza kwa kuuliza nani ana cheti.

Likizo ya mwalimu

Wiki ya tatu baada ya ile Jumanne niliandika kwenye grupu letu la WhatsApp: nataka anayekuja na mtoto ndiye aingie kwenye zamu, kwa jina lake.

Wawili walijibu "sawa." Mmoja alinyamaza. Yule mwalimu, bosi wa binti, alituma voisi ya dakika nne. Kwa ufupi: huyu hakumaliza hata sekondari, atawaanzishia watoto wetu nini? Na akishajiona mwalimu, nyumbani kwangu nani atafua?

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia shule zikifungwa aje siku moja akae.

Alikuja. Shule zilifungwa kwa mapumziko mafupi, akaja Alhamisi na mtandio mzuri, akakaa ukingoni mwa mkeka miguu imekunjwa, mkoba mapajani. Mtoto wake alicheza, alimwaga maji, alikimbia. Kisha akajikwaa kwenye mzizi wa mkungu, goti likachubuka.

Akaita, "Daa!"

Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka alipo. Mikono alishainyoosha. Mtoto alimpita akimtafuta mwingine.

Niliuona uso wa yule mama, na tangu hapo sijaweza kumkasirikia. Aliniegemea akasema kwa sauti ya chini, "Unaona? Ndiyo maana sitaki."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sekondari haikuwa shida. Na nikaelewa kwa nini babu niliandika jina lake kwa wino uliokoza. Babu ni babu, hata kesho. Nafasi yake kwa mtoto haimtishi mtu. Dada anaweza kuondoka mwisho wa mwezi. Mwaka jana wamebadilika watatu katika nyumba zetu hizi, na kuna mtoto mmoja alisimama getini kwangu siku kadhaa akimwita aliyeondoka, sisi tukimpa biskuti anyamaze. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba haji tena. Tunaogopa kuwataja kina dada kwa sababu tukiwataja itabidi tukiri wamebeba kitu kikubwa chetu, na hatujui kama tutaweza kuwashika wasiondoke nacho.

Sasa sikilizeni alichofanya yule binti. "Abee!" Akaja mbio, akamwinua mtoto, akamkung'uta mchanga. Halafu akambeba mpaka kwa mama yake, akamkalisha mapajani, juu ya ule mkoba.

"Muonyeshe mama palipouma."

Mtoto akaonyesha. Mama akapuliza. Akapuliza tena, mtandio ukaanguka begani hakuuokota. Binti alirudi kwenye beseni la mchanga akawapa mgongo, nadhani makusudi.

Zamu yake

Alhamisi iliyofuata ilikuwa yake. Nilikuwa nimefagia mwenyewe na kuteka maji, kwa sababu alishaniambia waziwazi: "Zamu ya kufagia ninayo kila siku. Mie nataka hiyo ya kuanzisha mchezo."

Alikuja na mahindi mabichi sita kutoka Mgandini, yenye nywele zake. Alimenya ganda kidogo, akaacha nywele zikaning'inia, nyingine za dhahabu, nyingine nyekundu kama zimetiwa hina. Kila mtoto na mwanawe. Akawaonyesha kuchambua nywele kwa vidole, kuzigawa matatu, kusuka. Wakubwa walisuka kweli, mafundo mafundo. Wadogo walizivuta na kuzinusa. Babu alipewa wake akauliza kama ni wa kike au wa kiume, na mjukuu wake akamjibu kwamba ni mahindi.

Wale watoto wawili wa vifuu walikaa tena bega kwa bega. Safari hii mmoja alimshikia mwenzake hindi asuke. Sijui kama ni umri umefika au ni nini. Nilishika mkasi hewani nikawatazama mpaka mteja aliponigusa bega.

Lakini bado nina shaka zangu. Binti huyu anaamka saa 11 alfajiri na analala wa mwisho nyumbani. Nikimpa zamu, nimempa heshima au nimemwongezea kazi? Mshahara wake haukuongezeka hata shilingi, na si mimi ninayeulipa. Nilimuuliza kama amechoka. Alisema siku za mkekani ndizo anazokaa chini mchana. Sikujua nifurahi au nilie. Nimemwomba bosi wake kwamba siku atakapotaka kumruhusu aende zake, anipe wiki mbili, tumuage na mtoto akiona. Amesema atafikiria.

Karatasi mpya

Masika yameanza. Juzi usiku mvua ilipiga na upepo wa upande, asubuhi karatasi ya mlangoni ilikuwa imelowa, wino umetambaa, majina yameingiliana hata la babu halisomeki.

Nimekata nyingine kutoka kwenye karatasi ngumu ninayochorea patani. Nimeandika siku. Majina nimeamua kila mtu aandike lake mwenyewe, wala jina la binti sitaliweka hapa, atakayetaka kulijua aje mlangoni.

Ilipofika zamu yake ya kuandika aliishika kalamu akasita.

"Dada, niandike la nyumbani au la shule?"

Nikamwambia aandike analolipenda. Akapiga magoti mbele ya mlango, mtoto amemshika shingo kwa nyuma, akayaandika yote mawili na la baba yake. Mstari ulimwishia, akashuka chini akaendelea.